Hazina Kumi: shajara ya mradi

Wiki ya 1

Nimeanza. Maktaba ya Bunge la Marekani ina vitu zaidi ya milioni 170, na vingi vya vile vya kale vimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni, avifungue atakaye bila kulipa hata senti. Tatizo ni kwamba maelezo yake ni ya Kiingereza. Nimejitwisha kazi ya kuchagua vitu kumi nivipendavyo na kuviandikia maelezo ya Kiswahili: ni nini, kimefikaje pale, na ukikifungua utazame wapi. Wiki kumi, vitu kumi. Nimeshawatangazia wenzangu wa kundi la kusoma, kwa hiyo kurudi nyuma ni aibu.

Orodha imejaa vigogo, kama orodha za namna hii zilivyo: ramani ya Waldseemüller ya 1507, Biblia ya Gutenberg (mchapaji Mjerumani wa karne ya 15), rasimu ya Azimio la Uhuru wa Marekani kwa mkono wa Thomas Jefferson, picha ya ndege ya ndugu wawili Wright ikiiacha ardhi mwaka 1903, na fidla za fundi Stradivari. Kisha vikafuata vingine vitano: Qurani ya Jefferson, vitu vilivyokuwa mifukoni mwa Rais Lincoln usiku alipopigwa risasi, karatasi za Rosa Parks (mpigania haki za Wamarekani weusi), tawasifu ya Omar ibn Said, na sauti zilizorekodiwa za wazee waliozaliwa utumwani.

Nimeanza na ramani. Ndiyo ya kwanza kuandika jina America. Ilichapwa kwa vipande 12, na nakala pekee iliyosalia iligunduliwa mwaka 1901 katika ngome moja ya Ujerumani. Maktaba iliinunua kwa dola milioni 10, mwaka 2003. Mimi kwa papara nikabonyeza faili la TIFF, kubwa kuliko yote, badala ya JPEG. Kifurushi cha mwezi mzima kikaisha saa nne asubuhi na ramani imefika nusu. Amerika sikuiona.

Wiki ya 2

Biblia ya Gutenberg. Nakala yao imechapwa juu ya ngozi iliyolainishwa, na ni moja kati ya tatu tu duniani za ngozi ambazo hazikupungukiwa na ukurasa. Nimeandika kurasa mbili safi kabisa kuhusu herufi za risasi na wino. Jioni nilipozisoma kwa sauti nikasinzia, na mwandishi ni mimi mwenyewe.

Picha ya ndege na fidla nimezimaliza siku moja. Ni vitu vizuri, lakini ukishasema ni vizuri, umemaliza.

Wiki ya 3

Hapa sasa mambo yamenoga. Ili kuieleza Qurani ya Jefferson ilibidi kwanza nieleze moto, tena mara mbili. Mwaka 1814 majeshi ya Uingereza yalilichoma jengo la Bunge, na maktaba iliyokuwa humo ikateketea. Jefferson, aliyekuwa ameshastaafu urais na kuzongwa na madeni, akaliuzia Bunge vitabu vyake: 6,487, kwa dola 23,950. Hiyo ilikuwa 1815. Mkesha wa Krismasi wa 1851 moto mwingine ukala karibu theluthi mbili ya vitabu hivyo. Qurani ikapona.

Ni tafsiri ya Kiingereza ya George Sale, chapa ya 1764, juzuu mbili. Jefferson aliinunua 1765 akiwa bado kijana anayesomea sheria. Januari 2007 Keith Ellison, Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge hilo, aliitumia katika picha za kiapo chake. Hilo wengi walilisikia kwenye taarifa za habari.

Kilichonishika mimi ni kitu kidogo zaidi. Wachapaji wa zamani walikuwa wakikunja karatasi kubwa kuwa mafungu, kila fungu wakalitia herufi chini ya ukurasa wake wa kwanza, A, B, C na kuendelea, ili mshonaji asiyachanganye. Jefferson alikuwa akitafuta fungu lenye I, herufi ambayo zama hizo ilishika pia nafasi ya J, akaandika T mbele yake. Kisha akalitafuta fungu la T, akaongeza I baada yake. T.I., yaani Thomas Jefferson. Mwizi anaweza kuchana ukurasa wa mbele wenye jina, lakini hatajua kwamba katikati ya kitabu kuna herufi moja ya wino iliyoegeshwa kando ya herufi ya chapa. Alama ya mwenye mali, imefichwa mahali ambapo mwenyewe tu anajua pa kuitafuta.

Mtu huyu katika maisha yake alimiliki watu zaidi ya 600.

Nimeliandika hilo, nikalifuta nikidhani nimetoka nje ya mada, halafu nikalirudisha.

Wiki ya 4

Rasimu ya Azimio la Uhuru, Juni 1776. Kurasa nne, na zimekatwakatwa mistari utadhani daftari la mwanafunzi.

Mwaka 2010 wataalamu wa maktaba walipiga picha rasimu hiyo kwa mianga ya rangi nyingi tofauti, hata isiyoonekana kwa macho, wakagundua kwamba chini ya neno moja kuna neno jingine alilolifuta wino ukiwa bado mbichi. Alikuwa ameandika neno la watu walio chini ya mfalme. Akalipangusa, juu yake akaandika neno la watu wenye nchi yao. Ni kisa kitamu, na nikakaa kukitafsiri kwa bashasha. Nikakwama kwenye sentensi ya kwanza. Kwa Kiswahili yote mawili ni *raia*! Raia wa mfalme, raia wa jamhuri. Asili ya neno ni Kiarabu, kundi la mifugo linalochungwa. Sisi tulipopata uhuru hatukulifuta neno, tuliendelea nalo. Mwisho nimeandika "watawaliwa wa mfalme" kwa lile la chini, sikulipenda, nikabadili "walio chini ya mfalme". Limekuwa refu, lakini halidanganyi.

Tena kuna aya nzima ambayo Bunge liliikata. Humo Jefferson anamshutumu mfalme wa Uingereza kwa kulinda soko ambamo watu wananunuliwa na kuuzwa, na neno *watu* ameliandika kwa herufi kubwa tupu. WATU. Mkono ni ule ule uliokuwa ukiandika T kando ya I.

Nimegundua kwamba kila nikikaa kuandika, kitu kinachonivuta ni kilekile: nani anamiliki nini, na ameandika wapi kwamba ni chake. Ramani, Biblia, ndege na fidla nimeviweka kwenye folda nyingine. Hazina kumi zimebaki sita, na sijawaambia wenzangu.

Wiki ya 5

Omar ibn Said. Nilimpangia wiki moja. Ngoja tuone.

Alizaliwa Futa Toro, katika Senegal ya leo, karibu mwaka 1770. Alisoma dini kwa miaka 25. Mwaka 1807 alitekwa na kuuzwa ng'ambo ya bahari, akashushwa Charleston, Marekani. Alimtoroka bwana wake, akakamatwa Fayetteville, North Carolina, alipoingia kanisani kusali. Inasimuliwa kwamba akiwa gerezani alijaza kuta maandishi ya Kiarabu, watu wakawa wanakuja kumshangaa. Mwaka 1831 akaandika maisha yake, kurasa 15, kwa Kiarabu. Ndiyo tawasifu pekee inayojulikana ya mtumwa iliyoandikwa kwa Kiarabu nchini Marekani na kusalia hadi leo. Mswada ulipotea miaka mingi, ukaibuka 1995 ndani ya sanduku kuukuu huko Virginia. Maktaba iliununua 2017 pamoja na karatasi nyingine zinazomhusu, jumla 42, na tangu Januari 2019 zote ziko mtandaoni.

Nimefungua ukurasa wa kwanza wa Kiarabu. Bismillahi, kisha: *Tabaraka*.

Nimecheka peke yangu. Anayeandika habari za maisha yake anaanza na Tabaraka! Sura niliyopigiwa kiboko chuoni hadi nikaihifadhi, Suratul Mulk. Nikaanza kusoma huku nikifuata kwa kidole kwenye kioo. Mwisho wa aya ya kwanza jicho likasoma *fadir*. Mdomo unajua ni *qadir*, Mwenye kudra, umeshalisema mara elfu, lakini jicho linaona fa: kichwa cha mviringo, nukta moja juu. Nikasema mzee amekosea, kazeeka. Nikaenda mbele, makosa yale yale. Kila qaf ni fa. Nilipofika mahali pasipo na Qurani, penye maneno yake mwenyewe, sikuweza kusoma mistari miwili.

Nimempigia Maalim wangu. Hakupokea. Nimemtumia picha.

Wiki ya 6

Maalim amejibu kwa ujumbe wa sauti, dakika saba, kuku wanalia nyuma yake. Baada ya marahaba na kuulizia watoto: "Sasa mwanangu, huyo hakukosea, umekosea wewe. Hiyo ni hati ya Kimaghribi. Wenzetu wa upande wa machweo qaf wao ina nukta moja juu, na fa wao nukta yake iko chini. Wewe unasoma kwa macho ya kwetu." Akanyamaza kidogo. "Na mkono wake umekaa vizuri. Huyo alisoma."

Nikarudi kwenye ukurasa na kanuni moja tu kichwani: nukta moja juu ni qaf, nukta chini ni fa. Ni kama mtu amenifutia miwani. Si kwamba Kiarabu changu ni kizuri, la hasha, nilikiacha zamani. Ila maneno yanakuja yenyewe kwa sababu tunayo. Anaposema kwao ni kati ya mito miwili, anatumia *baina* na *bahari*. Meli kubwa ilikuwa katika *bahari kubwa*, safari ya mwezi mmoja na nusu. Bwana wake wa kwanza, Johnson, anamwita mtu mdogo, dhaifu, mwovu, *kafiri* asiyemcha Mungu hata kidogo. Neno hilo halihitaji kamusi.

Na palepale mwanzo, neno lenyewe la sura: *mulk*. Milki. Tafsiri zetu nyingi zinaliita ufalme, na si kosa. Lakini mwenye kuandika hapa ni mtu aliyenunuliwa, na lugha yangu imetoa katika mzizi huo huo milki, kumiliki, mmiliki, mamlaka. Ametukuka ambaye mkononi mwake umo umiliki wote. Kisha, kurasa chache mbele, anasimulia jinsi walivyomuuza *mkononi* mwa Nasara. Mkono na mkono. Sidhani kama ilimpitia bila kujua.

Wiki ya 7

Bado Omar. Wenzangu wameuliza ratiba imeendaje. Nimewajibu inaendelea, na ni kweli.

Leo nimeshughulika na ukurasa wa mbele, wa Kiingereza, ambao hakuuandika yeye. Mtu mwingine ameweka pale historia ya mswada: kwamba Omar aliupeleka 1836 kwa Lahmen Kebby, Mwafrika mwenzake aliyewahi kuwa mtumwa, kwamba Kebby naye alimpa Theodore Dwight wa New York, na kwamba ulitafsiriwa 1848. Na juu yake, katika utambulisho, kwamba Omar ni mtumwa *anayemilikiwa na Gavana Owen*. Hata hilo ni kosa. Aliyekuwa naye alikuwa James Owen. Aliyewahi kuwa gavana ni John, ndugu yake.

Kwa hiyo ukiushika mswada huu, nje kuna mkono unaotaja mmiliki, tena umetaja asiye yeye. Unafungua, na neno la Omar la kwanza ni kwamba milki yote iko kwa mwingine. Mtu asiyesoma Kiarabu aliushika mswada akiamini lebo.

Nimeandika aya hiyo mara nne. Ya tatu ilikuwa na alama ya mshangao. Nimeiondoa.

Jambo jingine ambalo sikutaka kulikwepa: anamsifu James Owen. Hampigi, hamtukani, hamwachi na njaa wala uchi, hampi kazi ngumu. Anasema zamani alisali kwa Qurani, sasa anasali kwa Injili. Alibatizwa miaka kumi hivi kabla ya kuandika. Wenzangu wawili nilipowaonyesha walibishana usiku kucha kama alibaki Mwislamu moyoni au aliritadi. Maoni yangu ni kwamba mtu anayeandika akijua nani ataletewa karatasi anapima maneno. Lakini pia sipendi kumgeuza jasusi, kwamba kila sentensi ni fumbo. Pengine Owen kweli alimtendea wema, na kweli alimmiliki. Omar alikufa akiwa bado mtumwa, kabla vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe havijaisha.

Wiki ya 8

Rosa Parks kwa ufupi, kwani karatasi zake ni bahari: miswada karibu 7,500 na picha 2,500. Kipenzi changu ni namna ya kupika chapati za maji, kaziandika kwa mkono nyuma ya bahasha, na ndani yake kuna siagi ya karanga. Nimeitafsiri yote. Haina uhusiano na chochote na haitoki.

Wiki ya 9

Mifuko ya Lincoln. Familia ilitunza kisanduku, mjukuu wake akakitoa kwa maktaba 1937, kikakaa bila kuonyeshwa hadi 1976. Ndani: miwani miwili, mmoja umefungwa kwa kamba pale ulipovunjika. Kisu cha mfukoni. Leso nyeupe ya kitani iliyotariziwa jina lake kwa uzi mwekundu. Vipande vya magazeti. Pochi ya ngozi ya kahawia, na ndani ya pochi noti moja tu, dola tano za serikali ya waasi wa Kusini, waliokuwa wamepigana ili utumwa ubaki. Aprili 1865 noti hiyo hainunui hata muhogo. Sielewi watu wanavyoruka kwenye noti na kuiacha ile kamba ya miwani. Rais wa nchi, na anafunga miwani kwa kamba kama babu yeyote.

Wiki ya 11

Ya 10 niliumwa.

Cha mwisho: sauti. Fountain Hughes, aliyerekodiwa Baltimore mwaka 1949. Anajitambulisha, anasema amezaliwa Charlottesville, Virginia, na ana miaka 101. Sauti ni nzito, haina haraka. Anasimulia kwamba walilala chini, hakukuwa na vitanda. Kwamba wavulana walivaa magauni kama wasichana hadi wakubwa. Kwamba hukuweza kuvuka kwenda kwa jirani bila barua ya bwana. Kwamba uhuru ulipokuja walifukuzwa kama ng'ombe, bila pa kwenda. Na katikati ya yote anaacha utumwa kabisa na kuanza kuwasema vijana wanaonunua vitu kwa mkopo. Usinunue mpaka pesa uwe nayo mkononi! Nimeisikiliza sehemu hiyo mara tatu kwa raha tu. Unaweza kusikia kidole chake kikinyooshwa.

Lakini sentensi yake ya mwanzoni imenikalisha siku mbili. Anasema babu yake alikuwa wa Thomas Jefferson. Kwa Kiingereza inasikika kawaida, neno la vitu na wenye vitu. Kwa Kiswahili, "babu yangu alikuwa wa Thomas Jefferson", mtu anakungoja umalizie. Wa Jefferson nani? Mtoto wake? Shemeji? Lugha yetu inapomsema mtu kuwa *wa* mtu, inatafuta ukoo. "Alikuwa mali ya" ni wazi, ila limezidi ukali kuliko alivyolisema mzee, yeye amelitamka kama anataja mtaa. "Alimilikiwa na" lina ubaridi wa ofisini, lakini lina mzizi ule ule wa Omar, *m-l-k*, na nimeshamfundisha msomaji mzizi huo kurasa chache nyuma. Nimechukua hilo.

Ndivyo walivyojipanga, sikuwapanga mimi: vitabu vya Jefferson vyenye T.I. yake, rasimu yenye WATU wake, mjukuu wa mtu aliyemilikiwa naye akizungumza kwenye kinasa sauti, na Omar na Tabaraka yake, wote chini ya paa la taasisi moja. Hazina kumi zimekuwa sita, na Rosa Parks amepenya kwa chapati.

Wiki ya 12

Nimewatumia wenzangu kurasa 31. Mmoja ameuliza Gutenberg yuko wapi. Mwingine amekuta makosa matatu ya tahajia na kosa moja la tarehe, nimesahihisha.

Maalim hakutaka maelezo yangu. Ametaka picha za Omar zenyewe, kurasa zote 15, zichapwe kwenye karatasi kubwa. "Hicho kisimu chako mimi sikiwezi, mwanangu, macho yameisha." Nilimwambia Omar naye, mwanzoni mwa habari zake, anaomba radhi kwa nduguze, kwamba macho yake ni dhaifu na mwili pia. Akasema, "Basi tutafahamiana." Duka la kuchapa limefungwa leo, nitakwenda Jumatatu. JPEG, si TIFF.